Kuni za Mbuni

Mwaka 1993 Gahongayire alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli, lakini mikate yake bado ilisifiwa mtaa mzima wa Nyakabanda. Ukungu mweupe ulikuwa umemfunika macho. Alida, mke wa mwanawe, ndiye aliyepima unga na kuuza. Gahongayire mwenyewe alikaa mbele ya tanuri, akisikiliza.

Kuni alizijua kwa masikio na pua. Mkaratusi mkavu ulidaka moto upesi ukaunguruma, ukaunguza mkate juu na kuuacha mbichi ndani, kwa hiyo aliutumia kuwashia tu. Msonobari ulipasukapasuka, na moshi wake wenye utomvu ulifanya mkate unuke kama kabati jipya. Mparachichi uliwaka kivivu na kuwa majivu kabla tanuri halijapata joto. Kila mti ulimpeleka kwa mawazo mahali ulikoota, na Alida alizoea kumwita mara mbili ndipo arudi.

Vita vya kaskazini vilipofunga barabara, malori ya kuni yakaadimika. Nsabimana, muuza kuni, akawa analeta chochote alichopata. Asubuhi moja alitua mzigo wa visiki vifupi, vizito, vilivyopindapinda. Alida alitaka kuukataa. Gahongayire akasema wajaribu kwanza.

Moto ule haukupiga kelele. Ulijikusanya, ukatulia, na joto lake likamjia usoni polepole, kama mtu anayekaribia bila kutaka kumshtua. Kisha ikaja harufu nyepesi, tamu kidogo. Mara akawa msichana tena kilimani kwao Runda, kikapu kiunoni, na kaka yake Silvère anaimba upande wa pili wa mstari wa miti, haonekani kwa wingi wa majani. Alibaki huko muda mrefu. Alida alipoitoa mikate, ilikuwa imeiva sawasawa pande zote.

"Nsabimana," Gahongayire alisema, "huu ni mbuni. Nani amekata kahawa yake?"

Nsabimana akatazama mlangoni, maana kung'oa kahawa kulikuwa kumekatazwa na serikali. "Mama, sema polepole. Kahawa haina bei tena, watu iko nang'oa. Hii ni ya Silvère. Alisema nilete kwako, nisitaje jina."

Miaka kumi na moja walikuwa hawajasemezana. Baba yao alipozikwa, Silvère alichukua shamba lote, akamwambia dada yake kwamba binti aliyeolewa hana fungu. Gahongayire aliondoka siku ileile na hakukanyaga tena Runda.

Sasa alikaa mpaka makaa yakafifia. Kisha akaagiza mkate mkubwa ufungwe kwenye kitambaa, Nsabimana aupeleke. Alida alimuuliza kama amesahau alivyonyimwa fungu. Akajibu kwamba hajasahau. Anataka tu kaka yake ale.

Jumapili, baada ya misa, mtu alikohoa mlangoni, na Gahongayire akaijua ile sauti ya kifua. Silvère alianza kueleza habari za bei na watoto. Halafu akaona dada yake hamtazami yeye, anatazama ukuta wa pembeni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwaka juzi. Kaa, kaka."

Akakaa. Alimwambia kwamba alikosea siku ya mazishi, na kwamba nusu ya shamba alimong'oa mibuni ni ya dada yake, apande anachotaka. Gahongayire alisikia pumzi yake inavyokatika. Akanyoosha mkono, akaupata uso wake, ukiwa umelowa, umezeeka kuliko alivyoukumbuka.

"Shamba tutalizungumza," alisema. "Niambie kwanza linafananaje sasa."

Silvère akafikiri. Akasema kwamba mibuni ilipoondoka, kutoka mlangoni kwa baba yao panaonekana mpaka chini bondeni, mto Nyabarongo wote, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na upande wa pili watu wadogo wadogo wakivuna viazi vitamu. Gahongayire alikuwa hajawahi kuuona mto kutoka pale. Akamwomba aendelee, taratibu, asiruke kitu.