Pongwe Hakuna Mgonjwa

Dokta Muhanad alikuja kwangu Jumatatu asubuhi na sura ya mtu aliyefiwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa.

"Mama Brightness, tumefeli," akasema. "Nyumba mia mbili tumezipitia. Pongwe hakuna mgonjwa."

"Hakuna hata mmoja?"

"Wanne. Na mmoja kati yao anaumwa jino."

Nilicheka, lakini haikuwa habari ya kuchekesha. Serikali ilikuwa imetenga fedha za utafiti wa magonjwa ya akili kwa sharti kwamba hospitali, chuo na wananchi wafanye kazi pamoja, si kila mmoja kivyake. Muhanad, kijana wa Tanga mjini, ndiye aliyewakilisha hospitali. Chuo kilimleta Leticia, mtafiti mwenye dodoso kwenye kishikwambi. Upande wa wananchi niliwekwa mimi, kwa kuwa nimekuwa afisa mifugo wa kata hii miaka kumi na tisa na hakuna mlango ambao sijapiga hodi. Tukipata kaya thelathini zenye mgonjwa kufikia Ijumaa, mradi unabaki Pongwe, na daktari wa akili anakuja zahanati yetu kila Alhamisi kwa miaka mitatu. Tusipopata, unahamia wilaya nyingine.

Daktari huyo nilimtaka kuliko mtu yeyote. Binti yangu Brightness ana miaka ishirini na mitatu. Alirudi kutoka chuoni mwaka wa pili akisikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Dawa zilimsaidia, akarudi kuwa yule yule mbishi niliyemzaa. Lakini tangu Pasaka aligoma kwenda kliniki ya mjini, kwa sababu alikutana kwenye foleni na wenzake wa sekondari, nao wakamtazama kama sinema. Vidonge vyake vilikuwa vinaisha mwisho wa mwezi.

"Wanne haiwezekani," nikamwambia Muhanad. "Kesho nakwenda na Leticia nione anavyouliza."

Tulikwenda kwa Bi Shamsiya, mjane mwenye minazi na ng'ombe, ambaye nyumba yao imekuwapo Pongwe tangu enzi za babu yake aliyetoka Omani. Walikataa kuhojiwa mara ya kwanza, sasa wamekubali. Tukakuta sebule imejaa mashemeji, kahawa imemiminwa.

"Katika wiki mbili zilizopita," Leticia akasoma, "ni mara ngapi umejisikia huna matumaini?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Hatujambo."

"Umekosa usingizi?"

"Tunalala salama kabisa. Hebu ongeza halua."

Maswali tisa, Leticia akabonyeza "hapana" mara tisa. Aliongezewa halua mara tatu.

Tulipotoka nje akaniambia, "Unaona? Wazima."

"Wazima nini! Unamwuliza mtu hali yake mbele ya mashemeji, unataka akujibu nini? Hapa hata aliyevunjika mguu anaanza kwa kusema hajambo."

"Mama, maswali haya yamepitishwa na kamati ya maadili. Siwezi kubadilisha hata nukta."

"Nani kakwambia ubadilishe? Kabla ya swali la kwanza pameandikwa nini?"

Akatazama. "'Mazungumzo ya utangulizi, dakika kumi.'"

"Na wewe unazungumza nini?"

"Huwa nawauliza kama mvua imenyesha."

Kesho yake alfajiri nilimpeleka bandani, Bi Shamsiya akiwa anakamua, peke yake, kanga kiunoni.

"Shikamoo, Bi Shamsiya."

"Marahaba. Umekuja kumwona huyu mwenye mimba?"

"Anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala vizuri, hana shida."

"Na wewe?"

Mikono yake ikasimama kwenye chuchu. Ng'ombe akageuka kutazama kulikoni.

"Mimi silali, Mama Brightness," akasema. "Tangu mzee afariki silali. Na mwanangu Badr hajatoka chumbani tangu Ramadhani. Chakula naweka mlangoni." Kisha akanikazia macho. "Miaka kumi na tisa unakuja kuuliza habari za ng'ombe wangu. Leo ndiyo umenikumbuka?"

"Leo ndiyo nimetumwa na serikali," nikasema.

Alicheka hadi maziwa yakamwagika, halafu akalia kidogo, halafu akamwambia Leticia avute kigoda aulize maswali yake yote. Mimi nikamwongoza ng'ombe tukasimama mbali, nisisikie. Badr naye alikubali kuhojiwa, kupitia dirishani.

Siku mbili zile hatukukanyaga sebule ya mtu. Tulikwenda bandani, kisimani, shambani kwenye mihogo, nyuma ya nyumba wanakofulia. Watu walisema mpaka Leticia akaomba wapunguze. Alhamisi jioni tukakaa kwenye veranda yangu, sisi watatu, kuhesabu.

"Ishirini na tisa," Leticia akasema. Akapitia orodha upya, kidole kikashuka taratibu. "Hii nyumba je? Kaya ya Jenifa, afisa mifugo. 'Hakuna mgonjwa.' Amejibu mkuu wa kaya, sebuleni."

Dokta Muhanad akatazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia Brightness dawa, na wiki nzima hakufungua mdomo.

Pazia la mlangoni likasogea. Brightness akatoka na sinia la chai.

"Kwa hiyo, Mama, mimi ndiye hakuna?"

Watu wote wanajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Mkuu wa shule nimemwambia, mchungaji nimemwambia. Jioni ile nikaanza kuhesabu vikombe kwenye sinia.

"Siku hiyo kulikuwa na wageni," nikasema mwishowe. "Akina mama wa kwaya."

"Bi Shamsiya naye alikuwa na wageni. Yeye umemsema tangu juzi."

"Nilikuwa nakukinga wewe."

"Ulikuwa unajikinga wewe, Mama."

Ni kweli. Niliogopa aibu, si yake, ni yangu. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya wenzangu, kwa kuwa nilimkana mbele ya watu. "Nisamehe," nikasema.

Aliweka sinia chini, akavuta kiti. "Sawa. Dada Leticia, mimi ni mgonjwa, andika. Ila Mama aondoke."

"Veranda ni yangu!"

"Mhojiwa anahojiwa peke yake," Leticia akasema, akijizuia kucheka. "Kamati ya maadili."

Mimi na Dokta Muhanad tukafukuzwa jikoni. Nikamkabidhi kisu amenye vitunguu, kwani hakuna mtu anakaa bure jikoni kwangu. Kutoka verandani tulisikia maneno, halafu wasichana wawili wakicheka kwa sauti. Nilitaka sana kwenda kuuliza wanacheka nini.

Ijumaa majina ya kaya thelathini yakatumwa. Wiki ya tatu jibu likaja: mradi unabaki.

Alhamisi ya kwanza ya daktari nilivaa gauni la kanisani, nikachukua na mkoba. Brightness akanikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kukusindikiza."

"Mama, ukija utamjibia daktari maswali yangu yote."

Hilo sikuweza kulipinga. Nikarudi ndani nikavua viatu. Akaondoka peke yake, mkono mfukoni, akitembea kama anakwenda sokoni.

Nilivumilia dakika kumi. Ndipo nikakumbuka kuwa mbuzi wa Timotheo, anayekaa mkabala na zahanati, hawajakaguliwa kwato. Nikainama nyuma ya ua wake na kuchungulia. Badr alikuwa kwenye benchi la nje, kofia imemfunika mpaka nyusi, lakini yuko nje. Bi Shamsiya alikuwa anabishana na Brightness kuhusu nani alitangulia kufika, na kwa sauti zile nilijua binti yangu anashinda.

"Mama Brightness," Timotheo akasema, "huyu mbuzi umemkagua kwato mara nne."

"Mshike vizuri," nikamwambia. "Naanza ya tano."