Wajomba wa Mbeba Maji

Siku ya soko mjini Koboko, mwaka 1988, Rosa Kiden alikuwa kwenye baraza la duka la kaka yake, akichambua maharage kwa mkono wa kushoto na kupiga taipu kwa mkono wa kulia, mbeba maji wa Malkia alipofika kulalamika. Aliegemeza mtungi wake ukutani, akavua viatu, akaomba kiti.

Rosa alimjua vizuri, kwa kuwa alikuwa amemwandika mwenyewe. Katika vitabu vinne vya Malkia wa Milima ya Shaba, ambavyo mchapaji Lino wa Dadamu alivirudufu mjini Arua na kuviuza sokoni katikati ya sabuni na nyanya, mtu huyu alisimama nyuma ya Malkia kila vita, akampa maji, akanyamaza. Joka lilikuwa na kurasa zake. Hata farasi wa Malkia alikuwa na babu.

"Dada Rosa," alisema, "mimi iko na shida."

"Kunywa maji kwanza."

"Maji ninayo."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Katika kitabu cha tano angekufa darajani, akizuia jeshi la adui peke yake. Lino alikwisha kuichapa sura hiyo, maana wasomaji wa Arua walitaka kulia kabla ya Krismasi, na kilichochapwa hakifutiki tena. Sura ya kwanza tu ndiyo iliyobaki wazi. Mbeba maji aliitaka iwe yake, iseme ametoka wapi na wa kwao ni nani.

"Kufa nitakufa," alisema. "Lakini mutu anakufa namna gani kama hana kwao?"

Rosa aliona ana haki. Akasukuma maharage kando, akaanza palepale.

Kwanza alimfanya mwana aliyepotea wa Mfalme Radi. Kabla karatasi haijatoka kwenye mashine, alama ya radi ilikwisha kuchomoza shavuni mwa mbeba maji, na jogoo wa jirani akamwinamia. Alitembea hadi msikitini na kurudi. "Ufalme huu unanibana kwapani," alisema, akaurudisha. Rosa akamfanya mtoto wa mchawi mkuu. Mbuzi wa soko zima wakamfuata, na wenye mbuzi wakawafuata mbuzi, biashara ikalala. Akamfanya yatima aliyelelewa na chui dume. Hapo alikataa kiti, akapanda kulala juu ya kabati la duka, na wateja wakawa wanamwomba asogeze mguu wapate kuona vibiriti.

Lino alishuka kwenye lori la Arua kuja kuchukua sura. Akamtazama aliyeko kabatini.

"Kumbe ndiye huyu! Kitabuni ni mnene."

"Tangu kitabu cha kwanza sijaandikiwa chakula," alijibu mbeba maji.

Karibu na baraza, Mariam Poni, ambaye watu wote humwita Mama Tombe, alikuwa akiuza odi, ile siagi ya karanga anayoisaga mwenyewe. Alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani.

"Baba mfalme. Baba mchawi. Baba chui. Wewe Rosa, mama yake iko wapi?"

Rosa aliacha kupiga taipu.

"Na siku akikufa," Mama Tombe aliendelea, "nani atasema kaburi lifungwe? Chui?"

Koboko, kama Aroi na kwingineko huko, kaburi halifungwi mpaka wajomba wa marehemu wafike, waulize nini kimemuua mtoto wa dada yao, waridhike, ndipo waseme fukieni. Rosa alilijua hilo tangu utotoni. Hata kwenye kambi za wakimbizi huko Sudan alizika watu wake hivyo. Lakini alipokaa nyuma ya mashine alijisahau, akajaza ufalme mzima akina baba, kama kambi ya jeshi.

Mama Tombe alijifuta mikono.

"Andika mimi."

"Niandike vipi, mama?"

"Andika mama yake ni Mariam Poni. Andika ule mwaka tulikimbia kwenda Sudan, tulifika daraja la Kaya, jua kali, watoto wanalia kiu. Tombe wangu akarudi chini mtoni na jerikeni. Askari wakamchukua pale, na jerikeni yake. Kila Jumatatu ninakwenda ofisi ya serikali kuuliza walimweka wapi. Wananiambia rudi Jumatatu."

"Basi huyu tumwite Tombe," alisema Lino.

"Jina la Tombe iko na mwenyewe. Huyu ni mdogo wake. Anaitwa Yugu. Anabeba maji kwa sababu kaka yake alikwenda kuchota."

Rosa aliandika vivyo hivyo, bila kuongeza joka. Radi ikafutika shavuni. Yugu akashuka kabatini, na watu wakaona ana masikio ya Mama Tombe.

"Kula, mwanangu," alisema Mama Tombe, akimpa muhogo na odi. "Umekonda kama karatasi."

Siku ya kushona kitabu huko Arua, Lino aliona ukurasa wa daraja umekuwa mzito. Asubuhi ile Lokule, kaka mkubwa wa Mariam Poni na sasa mjomba wa Yugu, alikuwa amevaa koti lake kuukuu la jeshi, akawachukua ndugu zake, wakapanda baiskeli na kuingia kwenye sura kwa upande wa pambizo.

Jemadari wa adui alikuwa ameinua mkuki.

"Ngoja," alisema Lokule. "Nini inaua mtoto wetu?"

"Mkuki."

"Kwa kosa gani?"

Jemadari hakujua. Yeye naye hakuwahi kuandikiwa sababu.

"Basi sisi hatujaridhika," alisema Lokule. Wakaegemeza baiskeli, wakakaa darajani, wote. Jemadari alikuwa mtu wa ukoo, alijua kwamba hapo hakuna kaburi litakalofungwa. Jeshi lilisubiri mpaka uji wake ukaisha, likarudi kwao. Yugu akavuka daraja akiwa hai, mtungi begani, na Malkia akampisha atangulie.

Waliokuja kulia Arua walipiga vigelegele vilivyosikika mpaka mbali kule Inde. Mama mmoja muuza nyanya, Drateru, alicheza soko zima na kitabu kichwani.

Jumatatu Mama Tombe alikwenda ofisini. Yugu alikuwa nyuma yake na mtungi, na wajomba nyuma ya Yugu. Karani aliwaomba wabanane kidogo kwenye benchi, kuna wengine.

"Habari ya Tombe bado," alisema. "Rudini Jumatatu."

Lokule alifungua vifungo vya koti, akajiweka sawa. Yugu akawamiminia maji, mmoja mmoja, na karani naye akapata. Kaburi la Tombe halikuonyeshwa siku ile, wala mwaka ule. Lakini Jumatatu iliyofuata, karani alipofika na ufunguo, alikuta benchi la barazani limekwisha kujaa, na baiskeli zimezunguka ofisi pande zote.

"Sisi hatujaridhika," alisema Mama Tombe. "Fungua mlango, mwanangu. Maji iko."