Mishikio Miwili

Bi Fundi alikuwa ameisingizia mashine. Hilo ndilo lililomfikisha kwenye duka la vifaa asubuhi ile, mkwewe, mume wa binti yake, akimfuata nyuma.

Karakana yake hutengeneza mbao za kuteleza kwenye mawimbi. Tumboni mwa kila ubao, karibu na mkia, huchimbwa shimo kwa mashine ya mkono. Humo huzamishwa kikasha cha plastiki, na ndani ya kikasha ndimo huchomekwa pezi la kuuongoza ubao. Shimo likienda upande, pezi nalo litakaa upande, na mteja atazunguka majini kama kuku aliyekatwa kichwa. Sasa ubao wa juzi shimo lilienda upande. "Mashine imezeeka," Bi Fundi alisema bila kupepesa macho. Binti yake akaamini papo hapo: "Basi tununue mpya." Njia ya mwongo ni fupi.

Mashine haikuzeeka hata kidogo. Mikono ndiyo iliyoanza kutetemeka. Na karakana ile ilikuwa na sheria moja, aliyoitunga mwenyewe enzi za ujeuri wake: anayeshika mashine ndiye fundi, waliobaki wapige msasa. Binti akigundua, angemwekea mama kiti mlangoni awe anasalimia wateja. Bi Fundi alikiogopa kiti hicho kuliko kaburi.

Mwenye duka aliweka mezani dude la mashine. "Hii haina mpinzani, mama. Mbao ngumu za milango inazikata kama siagi."

"Nani kakwambia nachonga milango? Ubao wangu ndani ni povu gumu, juu ni ganda jembamba. Nikiliweka dude hili mkiani, nusu litaning'inia nje."

Ulikuwa ukweli mtupu, ila hakutaja kwamba alipolinyanyua lilimchezea mikononi.

Ikaja ya pili, ndogo, nyembamba, ya kushikwa kwa mkono mmoja. Hiyo ndiyo hasa ya kazi yake, alijua. Akaishika. Ncha yake ikaanza kuandika hewani mambo ambayo hakuyakusudia, akairudisha mezani upesi.

"Inanuka."

"Inanuka nini, mama?"

"Inanuka tu."

Ya tatu ilikuwa ya betri. Akasema kichwa chake kizito, na rangi yake inamuumiza macho. Mwenye duka akajifuta jasho. "Mchagua jembe si mkulima, mama yangu."

"Na muuza jembe, alilima lini?"

Hapo mkwe akakohoa. Alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kupuliza hata maji ya mtungini kabla ya kunywa, na tangu harusi Bi Fundi alikuwa amempa jina la Maji Baridi.

"Hii ndogo," mkwe aliuliza, "haina kitako kingine?"

Kilikuwepo. Mwenye duka akaleta kitako kipana chenye mishikio miwili, mmoja kila upande, akapachika mashine katikati.

"Cha nini sasa?" Bi Fundi akauliza.

"Changu, mama. Ulisema siku moja utanifundisha. Mkono mmoja sijiamini. Huwa natetemeka."

Bi Fundi nusura aruke kwa furaha. Kumbe wapo wenzake! "Mwanaume mzima!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Haya, mfungie Maji Baridi mishikio yake." Akamcheka njia nzima.

Karakanani waliulaza ubao chali, tumbo juu. Wakabandika kwa utepe kiolezo chenye tundu la umbo la kikasha, wakajaribu kina kwenye kipande cha povu kilichotupwa, maana ukizidisha kidogo tu unatokea upande wa pili. Mkwe akasimama ng'ambo ya ubao.

"Mama, nishikie mshikio huo. Peke yangu naogopa."

Akashika. Mashine ikavuma, vumbi jeupe likawarukia mpaka kwenye kope. Yeye akiongoza, mkwe akifuata, wakaanza kuzunguka ndani ya kiolezo, na mashine ikaenda kwa adabu ambayo Bi Fundi hakuiona siku nyingi. Walikuwa wamefika nusu ya shimo alipogundua kwamba mtetemo wote ulikuwa ukitoka upande wake. Upande wa pili, mkono wa mkwe ulikuwa umetulia tuli. Haukuwa umetetemeka hata mara moja, na wala si mkono wa kutetemeka.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alitaka kuachia, lakini mashine inayozunguka haiachiwi. Kwa hiyo mkwe alijua! Alijua, akakubali kuchekwa barabara nzima. Bi Fundi alimpenda mkwewe wakati ule kwa namna iliyomuudhi.

"Kona hiyo, mama," mkwe akasema, macho yakiwa kwenye kazi.

Walipozima mashine, binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mashine moja, watu wawili?"

"Mikono yangu inatetemeka," mkwe akawahi. "Mama ananishikia."

Binti akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akachukua kikasha, akakisukuma shimoni kwa kidole gumba. Kikaingia kikakaa sawasawa, kimenyooka.

"Mama, mkono wako bado ni uleule," akasema. "Lakini huyu mrudishe kwenye msasa. Atakuharibia kazi."

Mkwe akainamisha kichwa, akaanza kupangusa vumbi ubaoni.

"Usimcheke mume wako," Bi Fundi akafoka. "Nitamshikia mpaka azoee."