Mistari Aliyoikwangua Seremala

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1974. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji cha mlimani cha Nant-y-Garreg tangu kabla ya mapambazuko, mzito na wa baridi, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa moshi wa madohani. Hata kunguru wa kanisani walikuwa kimya.

Idwal Pritchard, seremala, alikuwa jikoni akiifuta bunduki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Aliinunua mwezi uliopita kwenye mnada wa shamba la marehemu Gethin, ilipokuwa imeegemezwa kati ya mashine ya kukoboa shayiri na kitanda cha chuma. Polisi wa kijiji aliangalia kibali chake, akaandika namba, akaenda zake kunywa chai.

"Ni ya mafunzo," mtoto wa marehemu alimwambia. "Ya zamani, ya jeshi. Vijana wa kadeti walijifunzia."

Idwal alifurahi kusikia hivyo. Bunduki ya mafunzo, aliwaza, haijaenda vitani. Imeshikwashikwa tu na watoto wa shule, kwa hiyo mtutu wake lazima uwe mzima. Mbao yake ilikuwa na mistari miwili mipana ya rangi nyeupe, mmoja kwenye kitako na mwingine mbele, na hilo nalo halikumshangaza. Gethin alikuwa na mtindo wa kupaka vitu vyake vyote rangi nyeupe, ndoo, majembe, hata mlango wa banda la nguruwe, ili majirani wanaoazima wasijifanye wamesahau. Idwal aliikwangua rangi ile kwa kipande cha kioo, akapiga msasa, akapaka mafuta ya kitani jioni baada ya jioni, mpaka mbao ikang'aa kama kinanda cha kanisani.

Bunduki ilikuwa ya binti yake. Nesta alilenga shabaha vizuri kuliko mwanamume yeyote kijijini, lakini miaka yote alipigia bunduki ya kuazima ya klabu ya shabaha, na wanaume hawakuacha kumkumbusha. Leo angepiga ya kwake.

Idwal akasugua kwa nguvu pale chuma kinapokuwa kinene, mahali risasi inapokaa. Kitambaa kikatoka cheusi. Akasugua tena. Chini ya weusi kikajitokeza kidoa cha kijivu, laini, kama lehemu ya fundi wa mabomba. Hakikuwa kidoa cha hivi hivi. Kilikuwa na mgongo ulionyooka na tumbo la mviringo. Ilikuwa herufi iliyochongwa, kisha mtu akaijaza ili isisomeke.

Mkono wake ukasimama.

"Mbona umenyamaza kama mtu aliyemeza mfupa?" aliuliza Ceinwen, mkewe, kutoka kwenye jiko.

"Natafakari."

"Tafakari huku unakula. Uji unapoa, na mtoto ameshavaa viatu."

Walipoinamisha vichwa, Ceinwen alimwomba Mungu ailinde mikono ya Nesta na macho yake. Aliposema macho, Idwal akaitazama bunduki. Aliitikia amina, lakini ilitoka kavu. Kisha akapaka mafuta meusi juu ya kile kidoa, akaifunga bunduki katika blanketi.

Uwanja wa shabaha ulikuwa ndani ya machimbo ya zamani ya mawe ya kuezekea. Kuta zake nyeusi zilichuruzika maji, na ukungu ulijaa humo kama maziwa kwenye bakuli. Meurig Bevan, msimamizi, aliyewahi kuwa sajini, alikuwa amejifunga skafu mpaka masikioni kwa mafua. Miwani yake iliingia ukungu kila alipopumua.

"Haya, tumwone bibi harusi," alisema Huw wa posta, akaifunua bunduki kwenye blanketi. "Loo! Fundi, hii ni bunduki au kabati la vyombo?"

"Kabati lako mwenyewe lina mchwa," Idwal alimjibu, na watu wakacheka.

Huw akaipindua. "Lakini komeo hili la kufungia risasi lina namba yake na mwili una namba yake. Hawa si ndugu."

"Ni ndugu wa kambo," alisema Nesta. "Nipe bunduki yangu, mzee, kabla hujaitia kutu kwa maswali."

Pale klabu walikuwa na desturi. Bunduki ngeni haikupigwa kabla mwenyewe hajavua kofia na kuulizwa swali moja mbele ya wote. Wote walikuwa watu wa kanisa moja, na neno la mtu aliyevua kofia halikuhojiwa. Meurig alichungulia mtutu upande wa mwanga, akapiga chafya, akamgeukia Idwal.

"Unaijua bunduki hii, Idwal Pritchard?"

Idwal alivua kofia. Aliwaona wote wakimtazama, na Nesta akitabasamu, mashavu mekundu kwa baridi. Aliwaza jinsi watakavyosema, seremala amepamba uchafu akamletea binti yake. Huenda ile herufi haina maana, alijiambia. Huenda ni alama ya ghala tu.

"Naijua," alisema.

Nesta akalala kifudifudi juu ya gunia. Akaingiza risasi, akasukuma komeo, likajifunga kwa mlio mfupi. Matone tu ndiyo yaliyosikika kutoka ukutani. Nesta alilaza shavu lake kwenye ile mbao laini, na Idwal akaona kilichokuwa mbele yake waziwazi. Kati ya jicho la mwanawe na kile chuma kilichojazwa hapakuwa hata na upana wa kiganja. Kidole kikaingia kwenye kifyatulio. Idwal alijaribu kuomba, akakuta hana cha kuomba, maana alichotakiwa kusema alikuwa nacho mdomoni.

"Nesta! Toa kidole! Siijui! Nimedanganya, siijui!"

Nesta alitoa kidole polepole, kama alivyofundishwa. Meurig alipiga magoti, akafungua komeo, akaitoa risasi. Alifuta mafuta kwa skafu yake, akachokoa kwa ncha ya kisu. Lehemu ikatoka vipande vipande. D ikaonekana, kisha P.

"Mbao ilikuwa na mistari myeupe?" aliuliza.

"Miwili. Niliikwangua. Nilidhani ni Gethin, na rangi yake ile ya ndoo."

Meurig akafungua mbao ya juu. Upande wa mtutu kulikuwa na shimo lililotobolewa kwa makusudi, dogo kama punje ya dengu, nalo limezibwa kwa lehemu ileile.

"Ni ya gwaride," alisema Meurig. "Bunduki ikichakaa hata isiaminike, jeshi huwapa vijana wajifunze kuibeba begani. Wanaitoboa, wanaichonga herufi hizi, D na P, kwa Kiingereza maana yake ni ya mazoezi tu, wanaizungushia rangi, mtu yeyote asije akaipiga. Halafu kuna mtu akaweka komeo zima na kuficha shimo." Akamtazama Nesta. "Lingekurudia usoni, binti yangu."

Huw akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye bunduki ile.

Nesta alikuwa amekaa juu ya gunia. "Uliona lini, baba?"

"Asubuhi. Kabla ya uji."

"Kabla mama hajaomba?"

"Kabla."

Nesta akainuka kutoka kwenye gunia. "Na ilikuwa peke yake pale mnadani?"

"Zilikuwa mbili. Nyingine alichukua Tudur, yule kijana mchunga kondoo wa ng'ambo ya mlima."

"Nayo ina mistari?"

"Ilikuwa nayo," alisema Idwal. "Nilimpa kipande cha kioo. Nilimwonyesha namna ya kukwangua. Aliniambia akimaliza ataipigia mbweha."

Wote waligeuka kuutazama mlima, lakini mlima haukuonekana. Kulikuwa na ukungu tu, na mahali fulani juu huko mbwa alikuwa akibweka.

"Barabara ni mbali kuzunguka," alisema Meurig, "na kule hawana simu."

Idwal alikuwa bado ameshika kofia. Akaiweka chini kwenye jiwe, akasimama mbele ya binti yake na mbele ya wale wanaume.

"Sikieni nyote, na Mungu anasikia," alisema. "Napanda sasa hivi kwa miguu. Sitaketi wala sitaonja chakula mpaka niishike bunduki ile kwa mkono wangu. Na nikimkuta Tudur ameshaifyatua, nitasimama mbele ya mama yake na kumwambia kwa kinywa changu kwamba ni mimi niliyemfundisha kuikwangua."