Poda Haiozi

Kulikuwa na fundi cherehani, mwanamke mtu mzima aliyekwisha kukata tamaa ya kuolewa na hata kuanza kuifurahia hali hiyo, ambaye hatimaye aliolewa na mgane mwenye binti mmoja. Mgane mwenyewe alikuwa mkaguzi wa bidhaa kwenye supamaketi, na watu wote, kuanzia majirani mpaka dada yake wa tumbo moja, walimwita Mkaguzi. Alilipenda jina hilo. Alitembea nalo kama mtu aliyevaa koti jipya.

Kazi yake ilikuwa kupita kwenye rafu kila asubuhi na kuondoa kilichopitwa na muda. Mtindi uliobakiza siku moja haukumpita. Mikate, soseji, juisi za watoto, vyote alivipindua akasoma vitako vyake, akavitia kwenye toroli na kusimama palepale mpaka aone vimemwagwa. Lakini kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwake bwana huyu hakuwahi kutupa hata kifuniko.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa, Fundi akiwa bado anatafuta pa kuweka nguo zake, mumewe alimshika mkono, akamsimamisha mbele ya dresingi tebo na kuvuta droo ya juu. Ilijaa vipodozi vya mke wa kwanza, aliyefariki miaka minne nyuma.

"Vyote hivi vyako," alisema. "Usihangaike kununua."

Fundi alitazama. Rangi za mdomo zilikuwa zimetokwa na jasho, matone madogo ya mafuta yamesimama juu yake kama kwenye paji la uso la mgonjwa. Losheni ilikuwa imeachana, maji juu, uji chini. Maskara ilikauka ikawa kaa. Sponji ya poda ilikuwa ngumu kama mkate wa juzi, na upande mmoja ilibaki na rangi ya ngozi ya mwanamke ambaye hayupo. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi.

Alikuwa tayari kumheshimu mtu anayetunza vitu vya marehemu kwa majonzi. Alijua wapo wanaume wanaoshindwa kuhamisha hata kandambili za mke aliyekufa, na hakuona aibu ndani yake. Akauliza kwa upole, "Umevitunza kwa kumkumbuka?"

"Kumkumbuka vipi? Picha si zipo ukutani?" Mkaguzi aliinua chupa ya faundesheni kwenye mwanga wa dirisha. "Angalia hii. Haijafika hata nusu."

Hapo ndipo dharau ilipoingia. Haikupiga hodi wala kuomba kiti, ilikaa tu moyoni mwa Fundi, na kuanzia siku hiyo haikuhama.

Alijaribu maneno kwanza. Aliigeuza chupa akamwonyesha mumewe kile kichoro cha kopo lililo wazi, na tarakimu ya miezi iliyoandikwa ndani yake. "Hapa wanasema ikishafunguliwa ni mwaka mmoja."

"Hiyo ni biashara. Wanataka urudi dukani. Mtindi ni chakula, unaingia tumboni. Poda inakaa juu juu. Poda haiozi."

"Na wanja? Jicho nalo ni juu juu?"

"Mke wangu," alisema Mkaguzi, kwa sauti ileile aliyowatolea vijana wa ghalani, "hii ndiyo kazi yangu."

Fundi alirudisha chupa ndani, akafunga droo, akaweka kimfuko chake kidogo cha vipodozi kwenye dirisha. Ndani mlikuwa na poda moja, rangi ya mdomo moja na mafuta ya uso. Vikiisha ananunua vingine, vikibadilika harufu anatupa, na hakuwahi kudhani jambo hilo linahitaji mjadala.

Mkaguzi alikitazama kimfuko kile kwa wiki nzima kama mtu anayetazama mgeni asiyeaga. Kisha akaanza kusema. Hakumwambia mkewe, aliwaambia ndugu. Alisema ameoa mwanamke anayebagua vitu vya marehemu, na kwamba israfu imeingia ndani ya nyumba kwa mlango wa mbele.

Wifi mtu alifika Jumapili. Alikuwa mwanamke wa sauti nene, anayekaa kwenye kochi kama amekuja kulidai.

"Wifi," alianza, "mwanamke mwenye akili hatupi."

"Sijatupa, wifi. Vipo kwenye droo."

"Lakini huvitumii. Kaka yangu anaumia. Mtu anakupa mali, wewe unaleta kijifuko chako. Mimi ningepewa vile vitu, ningeshukuru mpaka kesho."

"Kumbe," alisema Fundi, akamwongezea chai. Alikuwa amegundua kwamba kuna watu ambao kuwajibu ni kuwapa heshima wasiyoistahili.

Sasa, yule binti. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na mtu huku ameinamisha uso. Fundi alidhani ni haya ya msichana kwa mama wa kambo. Mpaka siku aliyomwita chumba cha cherehani kumpima sare ya shule. Alipompandisha kidevu kwa kidole ili tepu ikae sawa shingoni, mwanga ukamwangukia. Mashavu na kidevu vilikuwa vimejaa chunusi nyekundu, nyingine zimetunga usaha, ngozi katikati yake inang'aa kwa mafuta.

"Unapaka nini usoni?" Fundi aliuliza.

"Krimu."

"Krimu gani?"

Binti aliinamisha uso tena. Kisha akasema, "Ya mama. Ya kwenye kopo la buluu. Baba alinipa mama alipofariki."

"Na baba anasema nini kuhusu hivi vipele?"

"Anasema ni balehe."

Fundi alikaa kwenye kiti chake cha kushonea. "Unaipenda hiyo krimu?"

"Mwanzo ilikuwa inanuka kama yeye. Nilikuwa napaka kidogo tu, nikilala nainusa mkononi." Binti alivuta uzi uliokuwa unaning'inia mezani. "Saa hizi hainuki kama mama. Inanuka vibaya. Nilimwambia baba naomba niache, akasema nikiitupa ni sawasawa na kumtupa mama."

Fundi aliikunja tepu, akaiweka mezani. Kwa hiyo bwana huyu alikuwa na nyimbo mbili. Mke mpya aliimbiwa mali, na mtoto aliyefiwa aliimbiwa mapenzi. Yote hayo ili kopo lisiende jaani kabla halijakwanguliwa. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Mpaka dakika hiyo alikuwa anamdharau mumewe kama unavyomdharau mtu mwenye mkono mgumu, dharau nyepesi yenye kicheko ndani. Sasa kicheko kilitoka, ikabaki dharau tupu.

"Mama yako hayumo kwenye kopo," alimwambia binti. "Twende tukaangalie pamoja. Kitakachofaa utakitunza wewe. Kisichofaa tutakitupa, na utakitupa wewe mwenyewe. Mimi sitagusa."

Walitandika magazeti kwenye meza ya jikoni wakamwaga droo yote, mchana kweupe, mlango wazi. Fundi hakuhutubu. Alimfundisha binti kama alivyofundisha wanafunzi wake kuchagua kitambaa, kwa mkono na pua. Hiki kimeachana, hata ukikitikisa vipi hakitarudi. Hiki kimebadilika rangi. Nusa hiki. Vya macho havisubiriwi hata kama vinanukia vizuri, miezi michache tu baada ya kufunguliwa vinatosha. Binti alianza polepole, akinusa kila kitu mara mbili. Baadaye alishika kasi. Alifika kwenye kopo la buluu, akalishika muda mrefu, akalifungua, akakunja pua. Akalitumbukiza pipani na kulia kidogo. Fundi alimwacha alie.

Kilichobaki mezani kilikuwa kitana cha pembe na kioo cha mkononi. Binti alivifuta vizuri akaenda navyo chumbani kwake.

Mkaguzi aliporudi alikuta droo imefutwa, inanukia sabuni. Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, na hapo Fundi, aliyekuwa anamenya viazi, alimwona mumewe na tai yake shingoni ameinama mpaka kiunoni, anapangusa maganda kwenye rangi ya mdomo ya marehemu.

"Umetupa mali," alisema bila kuinuka.

"Nimetupa uozo. Mali ni yule mtoto, na uso wake umeuona, na umenyamaza."

"Balehe hiyo."

"Sawa. Na wewe basi ungebalehe."

Mkaguzi alivikusanya vyote, akavisuuza bombani kimoja kimoja, akavianika dirishani kwenye taulo. Kesho yake alivifunga kwenye mfuko wa supamaketi, mfuko mzuri wenye mshikio, akampelekea dada yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa na mtu mwenye tai. Wifi alishukuru kama alivyoahidi. Alikuwa na sherehe ya kikazi mwisho wa wiki, akajipamba kuanzia kope mpaka kidevu.

Jumatatu alikuja kwa kaka yake. Jicho la kulia lilikuwa limevimba likafunga kabisa, la kushoto linachuruzika, na midomo imebabuka kama ya mtu aliyekunywa uji wa moto. Sauti nene ilikuwa palepale.

"Daktari ameniuliza nimejipaka nini," alisema akiwa bado mlangoni. "Nikamwambia zawadi ya kaka. Akaniuliza, huyo kaka yako ana ugomvi na wewe?"

Mkaguzi aliweka kikombe chini. "Ulinawa mikono kabla ya kupaka?"

Dada mtu alimtazama kwa jicho lililobaki, muda mrefu, kama mtu anayesoma tarehe chini ya kopo. "Mama yetu alikulea vizuri," alisema hatimaye. "Sijui huu ushenzi uliutoa wapi." Kisha akamgeukia Fundi, akakohoa. "Wifi, una maji ya vuguvugu nioshe hili jicho?"

Fundi alimletea maji na kitambaa safi, akamshikia beseni. Hakumkumbusha ya Jumapili ile. Wala hakumwonea huruma kupita kiasi.

Jicho lilipona kwa dawa. Uso wa binti nao ulianza kutulia taratibu, chunusi zikaacha madoa, madoa yakaanza kufifia. Siku moja alikwenda dukani na mama yake wa kambo, akachagua mwenyewe kitubu cha krimu isiyo na harufu, akakiweka mezani wakati wa chakula cha jioni ili wote wakione. Mkaguzi hakuwa amebadilika, watu wa namna ile hawabadiliki, hukosa tu mahali pa kuweka vitu vyao. Alikichukua kitubu akakipindua, akasogeza miwani.

"Miezi sita?" alisema. "Miezi sita tu? Huu ni wizi. Hiki ukikibana vizuri kinakwenda miaka miwili."

"Ukimaliza kusoma, baba, nirudishie," alisema binti. Hakuinua sauti. Aliinua uso tu, akamtazama baba yake sawasawa, akanyoosha mkono.

Fundi aliisikia ile sauti akaitambua, ilikuwa yake mwenyewe. Ilimchoma kidogo, maana dharau si kitu ambacho mtu angependa kumrithisha mtoto. Akawaza kusema neno la kulainisha. Halafu akamwona mumewe anajaribu kuufungua mhuri wa kitubu kwa kucha, apime kilivyojaa, na neno lile akaliacha. Akajisogezea bakuli la mchuzi.

Mkaguzi alikirudisha kitubu.