Lipu Isiyo na Ute

Unga ule Abdulhadi aliupima kwa mkono wake mwenyewe. Makonzi mawili kwa kila gunia la lipu, hazidishi wala hapunguzi, kisha akafunga kopo na kupangusa vidole. Harusi alikuwa amechutama sebuleni mwa nyumba mpya ya tajiri huyo, mbele ya beseni, akikoroga kwa mikono mitupu. Glavu hawakupewa vibarua wa kike. Ngozi ya vidole vyake ilikwisha kubambuka zamani, na siku hizi kisu kikimkata hujua kwa kuiona damu.

"Koroga hasa," Abdulhadi alimwambia. "Nyumba hii ni ya kukaa watu."

Harusi aliyasikia maneno hayo, akayameza.

Mafundi huuita unga huo ute, kwa kuwa ukikutana na maji huvutika kama bamia. Kazi yake ni kuyashika maji ndani ya lipu, isije ikakaushwa na joto la Malindi kabla haijauma ukuta. Fundi huijua lipu kwa kuubinua mwiko. Yenye ute hung'ang'ania. Isiyo na ute huanguka.

Kwenye zahanati ya bara ya Gede, Abdulhadi alipopewa kandarasi, ute hakuleta. Alileta unga wa muhogo, mweupe vile vile. Athman, mume wa Harusi, ndiye aliyekuwa fundi. Aliubinua mwiko mbele ya tajiri, lipu ikamwagika chini.

"Haina ute, bwana."

"Tia maji," alisema Abdulhadi.

Athman akatia maji. Baada ya miezi mitano dari ilianguka kwenye kitanda cha mzazi. Mama akavunjika bega, na kitoto chake cha siku mbili hakikupona. Ripoti ikasema fundi alizidisha maji. Athman akatiwa rumande, na Abdulhadi akapewa kandarasi nyingine ya kuitengeneza dari ile ile.

"Na habari ya Athman, bwana?" Harusi aliuliza huku akikoroga.

"Subira. Wakili wangu ameishika. Wewe ni mtu wangu, Harusi, sikutupi."

Wakili huyo alitajwa tangu Ramadhani, na hakuna aliyepata kumwona. Harusi hakuwa amekuja pale kwa kumngoja wakili. Kikapuni mwake, chini ya kanga, mlikuwa na unga wa muhogo alioutwanga mwenyewe kwao Barani, na alikuwa ameuchukua kwenda na kurudi siku nane, akiingoja siku ambayo tajiri atalisahau lile kopo.

Alilisahau siku ya Ijumaa, alipokimbilia msikitini. Harusi aliumimina ute kwenye mkebe wa maziwa, akalijaza kopo muhogo. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Basi na auonje.

Charo, fundi aliyechukua nafasi ya Athman, alipanda jukwaani akaubinua mwiko. Lipu ilimwangukia mguuni.

"Dada, hii haina ute."

"Tia maji," alisema Harusi, wala hakuinua uso.

Charo alimtazama kidogo. Naye alikuwa na watoto. Akatia maji.

Maulidi ya kuhamia yalisomwa baada ya wiki tatu, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili. Harusi aliitwa kuosha masufuria. Matari yalipokolea alisikia mpasuko, kisha kishindo, na matari yakanyamaza. Alikwenda mlangoni na sufuria lake mkononi. Kipande kizima cha dari kilikuwa kimemshukia Abdulhadi, naye amekaa sakafuni, kanzu imejaa vumbi, ameshika bega.

Bega. Harusi alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Alisimama pale akamtazama mpaka akashiba.

Kabla ya alasiri askari walikuwa wamekwisha kumchukua Charo. Walimkuta uani kwenye sinia la pilau, wakamwinua kabla hajanawa. Miezi yote ile Harusi alikuwa akimwaza Abdulhadi peke yake. Huyu Charo hakumtia hesabuni.

Kesho yake alikwenda kituoni na mkebe wake. Alimweleza sajini Mangi yote: muhogo wa zahanati alioamuru Abdulhadi, na muhogo wa sebuleni alioutia yeye mwenyewe kwa makusudi. Aliomba bakuli la maji, akanyunyiza ute, akakoroga kwa kidole. Maji yakaanza kuwa mazito. Sajini aliandika, hakuangalia bakuli.

Mlango wa mkuu wa kituo ulifunguka. Alitoka Abdulhadi, mkono umefungwa shingoni, kikombe cha kahawa katika mkono wa pili.

"Shikamoo," Harusi alisema, kisha akauchukia mdomo wake.

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kumsaidia sajini?"

Sajini aliigeuza karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza. Harusi hakukijua, lakini majina aliweza kuyasoma. Aliliona la Athman, akaliona la Charo, akaliona lake.

"Jina la bwana huyu silioni."

"Yeye ndiye mlalamishi," sajini alisema. "Leta dole gumba."

"Sitii."

Sajini aliushika mkono wake, akakichovya kidole kwenye wino na kukikandamiza. Likatoka doa jeusi, halina hata mstari mmoja. Akakandamiza tena. Doa.

"Huna alama wewe?"

"Imeliwa na saruji. Mwaka wa saba huu nakoroga. Mwulize yeye."

Abdulhadi alikunywa kahawa. "Tusimchoshe mwana wa watu, sajini."

Mangi alimtazama tajiri, akatazama mlango wa mkuu wake. Kisha akachovya kidole chake mwenyewe kwenye wino, akakibandika chini ya jina la Harusi. Alama ilitoka safi, mistari yote ipo.

Hakuona maji mengine karibu. Akakichovya kile kidole kwenye bakuli la Harusi apate kukiosha. Ute ulimshika. Ulivutika mweusi kutoka kidoleni hadi karatasini, akaukung'uta, akaupangusa kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao ukashikwa.

"Nini hii?" aliuliza.

Harusi alikuwa akimtazama Abdulhadi.