Fleti ya Bi. Kranz

Kila Jumamosi asubuhi Drane Camaj alikivuta kitanda mbali na ukuta, akafunga kitambaa puani, akausugua ukungu kwa klorini. Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa umerudi pale pale, mweusi, umepanda hadi usawa wa mto wa kulalia. Mapafu yake yalishaharibika. Daktari alimwambia ahame, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia anywe maji mengi.

Walikaa chini ya ardhi, karibu na boila la kupashia jengo joto, katika jengo la matofali mekundu huko Kew Gardens, mtaa wa Queens ambako hata mbwa hubweka kwa adabu. Mumewe, Gjelosh, ndiye aliyekuwa mtunza jengo. Kwa miaka ishirini na mbili alizibua masinki ya wenyewe, akazoa theluji mlangoni mwao, akawatoa kwenye lifti ilipokwama. Jina lake liliwashinda, wakamwita Joe. Vyumba vile viwili vya chini vilikwenda na kazi. Siku ambayo angeiacha kazi, angeviacha na vyumba.

Kwa hiyo Bi. Ottilie Kranz alipofariki mwezi wa pili, akiwa na miaka tisini na moja, Gjelosh alimpigia simu mpwa wa marehemu aliyekuwa Arizona, akataka kuinunua fleti yake. Fleti yenyewe ilikuwa ndogo: chumba kimoja cha kulala, jiko la kusimama mtu mmoja, dirisha linalotazama miti. Gjelosh hakuomba kupunguziwa. Walikuwa wameuza ardhi ya baba yake kule walikotoka, milimani Malësia, wakaongeza akiba ya miaka yote, na benki ilikubali kujaza palipopungua. Mpwa alifurahi. Shangazi yake alikuwa akimtaja huyo Joe katika kila barua.

Ila jengo lilikuwa la ushirika. Humo mtu hanunui kuta, ananunua hisa za chama, na kabla ya kununua ni lazima kamati ya wakazi ikukubali. Gjelosh alipeleka makaratasi mpaka bahasha ikakataa kufungika. Kisha yeye na Drane wakaitwa kwa Bwana Everett Prowse, mwenyekiti. Gjelosh alivaa suti aliyoivaa siku ya kumwoza binti yao. Lilikuwa jambo geni kukaa kwenye kochi la nyumba ambayo siku zote aliingia na spana mkononi, akatazama mabomba na kuondoka.

Walikuwa wanakamati watatu. Mmoja alikuwa Bi. Corinne Aldous, aliyepakana ukuta na fleti ya marehemu. Huyo aliuliza kama jamaa zao huja wengi kwa wakati mmoja, na kama Drane hupika vyakula vyenye harufu kali. Drane akajibu kwamba hupika maharage. Bwana Prowse alikuwa mpole. Alimsifu Gjelosh kwa muda mrefu, akasema kila mtu anampenda, kisha akaegemea mbele.

"Lakini nisaidie jambo moja, Joe. Ukishakuwa jirani yetu, nani atakuwa Joe wetu?"

Wenzake wakacheka. Gjelosh naye akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha.

Barua ilikuja baada ya siku tisa, ikiwa na sentensi moja. Kamati ilikuwa imeyapitia maombi yake na haikuyakubali. Alimfuata dalali aliyesimamia mauzo, Bi. Tam, akamkuta nje akitafuta ufunguo wa gari, akamwuliza kosa lake ni nini. Bi. Tam akamwambia kwamba hilo hakuna atakayemweleza. Sheria haiwalazimishi kutoa sababu, na wakijua hawalazimishwi, hawatoi.

Gjelosh akarudi kazini, na sasa kazi hiyo ilikuwa pamoja na kuwafungulia fleti ile wageni waliokuja kuiangalia kila Jumapili. Alifuta madirisha. Aliwapisha watu mlangoni. Wauguzi wawili, mume na mke kutoka Guyana, waliipenda, wakapeleka makaratasi, wakakataliwa. Baada yao mwalimu mmoja mjane naye akakataliwa. Kila aliyekataliwa aliishusha bei, kwa kuwa habari huenea, na mpwa wa Arizona alikuwa analipa ada ya nyumba asiyoikalia. Mwezi wa nne akachoka. Akamwuzia mtu wa kwanza aliyemhakikishia kwamba kamati haitamsumbua.

Mtu huyo alikuwa Bi. Aldous.

Gjelosh alizipata habari hizo kwa fundi aliyekuja kupima ukuta. Aliteremka chini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya boila. Drane alimwuliza kuna nini. Alipomwambia, mkewe hakulia.

"Waulize," alisema. "Mbele ya watu. Wakuone unavyouliza."

Mkutano wa mwaka ulifanyika wiki hiyo kwenye ukumbi wa kuingilia. Gjelosh ndiye aliyepanga viti, arobaini, safu tano. Yeye alisimama ukutani kama kila mwaka, tayari kuzima taa au kufungua dirisha. Walizungumzia maua ya mlangoni. Walizungumzia baiskeli. Bwana Prowse alipouliza kama kuna lingine, Gjelosh akatoka ukutani.

"Ninalo," alisema. "Mlitukataa sisi, mkawakataa wale wauguzi, mkamkataa mwalimu. Bi. Aldous alikuwa mezani mara zote tatu, anapiga kura. Leo nyumba ni yake. Nataka kujua alipokuwa anatuuliza tunapika nini, alikuwa anauliza kama mwanakamati au kama mnunuzi?"

Mzee mmoja wa safu ya mbele, ambaye Gjelosh aliwahi kumbeba mgongoni ghorofa sita umeme ulipokatika, aliinama akavitazama viatu vyake. Bi. Aldous alikuwa akiandika kitu, na aliendelea kukiandika.

"Joe," alisema Bwana Prowse taratibu, "mkutano huu ni wa wenye hisa." Kisha akawageukia watu, akatangaza kwamba kuna kahawa.

Gjelosh alivikunja viti arobaini na kuvirudisha stoo. Jumatatu akapokea barua nyingine, hii ndefu kidogo. Kamati ilimshukuru kwa utumishi wake. Mkataba wake ungekwisha mwisho wa mwezi wa sita, na vyumba vya chini vikabidhiwe vitupu.

Mafundi walikuja katikati ya mwezi wa tano. Wakautoboa ukuta kwa siku mbili, na yeye akabeba kifusi, mfuko baada ya mfuko, vumbi likimkaba koo. Siku ya tatu Bi. Aldous alimwita juu. Alikuwa amesimama pale ukuta ulipokuwa, mkono mmoja kwake, mwingine kwa Bi. Kranz, akionekana mwenye furaha kweli. Alisema fleti ile ataitumia kwa nguo za msimu na vifaa vyake vya mazoezi, na mbwa pia apate mahali pake, maana amezeeka na miguu inamwuma.

"Wewe ndiye unayeijua nyumba hii, Joe. Wapi panapata joto zaidi wakati wa baridi?"

Gjelosh alipajua. Bomba la mvuke lilipita chini ya mbao, hatua mbili kutoka dirishani, na ni yeye aliyelipitisha hapo, kwa ajili ya magoti ya Bi. Kranz. Angeweza kuonyesha popote. Angeweza kuonyesha kona ya kaskazini, penye baridi ya jokofu, na asijue mtu hadi mwezi wa kumi na mbili, wakati yeye hayupo tena.

Mbwa alikuwa amekaa kwenye vumbi, akimtazama.

Gjelosh akaonyesha mahali penyewe. Bi. Aldous akatandika godoro dogo jipya, lililokuwa bado na lebo ya dukani. Mbwa akazunguka mara mbili, akajilaza. Gjelosh akaokota mfuko wa mwisho wa kifusi, akautupia begani.

"Pitia ngazi, Joe," alisema Bi. Aldous, akipapasa masikio ya mbwa. "Lifti imesafishwa sasa hivi."